Nilivyowapa Besi Wimbo wa Mama

Miguu yangu haijawahi kutulia. Mke wangu anasema akikaa nami mezani anahisi kama anakula juu ya cherehani. Nimejitetea mara nyingi kwamba huo ni ugonjwa wa kazi. Mtu aliyejifunza muziki kwenye kinanda cha kukanyaga, ambacho ukiacha kukanyaga upepo unakwisha na sauti inakufa katikati ya Utukufu, hawezi kutegemewa kukaa kimya chini ya meza. Ukweli ni kwamba nilikuwa hivyo hata kabla ya kinanda. Kinanda kilinipa kisingizio tu.

Miaka ninayoikumbuka hapa ni ile soko lilipofunguliwa. Mbinga ilijaa malori ya wanunuzi binafsi wa kahawa, watu ambao msimu uliotangulia hatukuwajua, na maduka yakajaa vitu tulivyokuwa tukivisikia tu: redio za kaseti, sabuni za rangi, miavuli inayojifungua yenyewe. Nilikuwa mwalimu wa historia katika sekondari, mwenye shahada niliyoitaja mara nyingi kuliko ilivyohitajika, na mpiga kinanda wa parokia. Nilikuwa pia mtunzi. Nyimbo zangu zilidurufiwa kwa stensili, nota za do-re-mi kwa sauti nne, jina langu kwenye kona ya juu kulia kwa herufi kubwa kidogo kuliko jina la wimbo. Zilifika parokia za jirani, Matiri, hata Ruanda ya kwetu Mbinga. Siku moja nilikuta wimbo wangu ukiimbwa kwenye mazishi ya mtu nisiyemjua, nikasimama nyuma ya umati nikitokwa machozi ya fahari. Mwanamke mmoja akanishika bega na kunipa pole. Nilipokea.

Kisha kikaja kinanda cha umeme. Mnunuzi mmoja wa kahawa, aliyetaka kujulikana haraka, aliileta parokiani zawadi hiyo ikiwa bado kwenye boksi lake. Mwenyekiti wa kwaya yetu, mkulima wa kahawa aliyependa mambo mapya kuliko mtu yeyote niliyewahi kumfahamu, alibonyeza kitufe cha kwanza alichokiona na kanisa likajaa mdundo wa rumba.

"Mwalimu," akasema, uso unang'aa, "huyu anapiga ngoma mwenyewe! Halafu sisi tunahangaika na wapiga ngoma wanaochelewa."

Nilimpa hotuba juu ya heshima ya muziki mtakatifu. Nilitumia maneno ya chuo kikuu. Lakini mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaona kitufe kingine, kidogo, pembeni, na moyo wangu ulikuwa umeruka.

Hapa inabidi nikiri jambo ambalo wanakwaya wangu hawakulijua. Kwa miaka yote ile nilikuwa najua kupiga katika funguo tatu tu, C, F na G. Ukinipa wimbo wenye vitufe vingi vyeusi, vidole vyangu vinakuwa kama wageni waliofika kwenye nyumba isiyo na taa. Kitufe kile kidogo kiliniokoa. Unapiga F kama kawaida yako, unakibonyeza, na kinanda kinahamisha sauti yote juu au chini, popote kwaya inapotaka kuwa. Mbele za watu nilikuwa nimekuwa bingwa wa funguo zote kumi na mbili. Niliandika hata juu ya kopi zangu "Do = Ab", ufunguo wa vitufe vyeusi vinne, kwa mwandiko wa mtu asiyeogopa kitu.

Mama yangu hakuwa na habari na hayo yote. Mama alikuwa mtu wa ziwani, Mwanglikana wa kuzaliwa, aliyepanda milimani kuolewa na Mmatengo Mkatoliki. Miaka thelathini na zaidi alisali kwetu bila kunung'unika, akalima ngolo, yale mashimo yetu ya kilimo cha milimani, kama aliyezaliwa kwenye mteremko, na baba alipofariki akafunga nguo zake akarudi kwao, kijiji kimoja kaskazini ya Mbamba Bay, na kurudi kanisani kwake, kama mtu anayerudi kwenye kiti alichosimama kumpisha mgeni.

Nilikuwa nateremka kumwona kila likizo. Ilikuwa likizo ya Juni aliponiambia. Alikuwa anaanika usipa, wale dagaa wadogo wa ziwa letu, juu ya kichanja, na mimi nilikuwa natembea kutoka kona moja ya uwanja hadi nyingine nikimweleza juu ya Misa niliyomtungia mtakatifu somo wa parokia yetu.

"Kaa chini, unanitia kizunguzungu," akasema. "Huyo somo wa parokia umemtungia nyimbo ngapi sasa?"

"Misa nzima, mama. Na nyimbo tatu."

"Alikunyonyesha?"

"Mama, hizo ni za ibada."

"Na mimi nasali wapi, sokoni?" Akageuza usipa kwa kiganja. "Sikiliza, baba. Masikio yangu yanafunga duka. Yameshaanza kuingiza bidhaa ndani. Nataka wimbo wako uimbwe kanisani kwangu, nikiwa nimekaa kwenye benchi langu, nikiwa bado nausikia. Simaanishi kwenye mazishi. Kwenye mazishi imbeni mnachotaka, sitakuwepo kulalamika."

Niliahidi kabla ya Krismasi. Nilikuwa mwepesi wa kuahidi.

Maneno nilikuwa nayo tayari, kwa sababu yalikuwa yake. Tangu nikiwa mtoto, kila asubuhi akifungua mlango alisema, akiitazama ile nuru nje: "Nimeamka tena, nipo." Hakumwambia mtu. Nilidhani zamani kwamba anamjibu jirani. Wimbo ulikuwa wa mistari minne na huo ndio ulikuwa mstari wa kwanza. Kilichobaki ni tuni, na tuni nilishindwa. Niliandika moja nikaichana kwa kuwa ilikuwa nyepesi mno kwa msomi. Nikaandika nyingine yenye sauti nne zinazofukuzana, nikaichana kwa kuwa sikuweza kuipiga. Katikati nikapata wazo la kwenda Dar es Salaam kusomea shahada ya pili, kisha la kufungua studio ya kurekodi kwaya kwenye kaseti, kisha la kuacha ualimu na kununua kahawa kama wengine. Hakuna nililolifuata zaidi ya wiki mbili. Krismasi ikapita.

Nilipoteremka Januari, alinisubiri mlangoni.

"Wimbo umefika wapi?"

"Umefika kwenye soprano, mama."

"Nani?"

"Soprano!"

"Haya," akasema, na nikajua bado hajanisikia.

Siku zile mbili nilizokaa kwake niliona mengi na sikusoma hata moja, mimi niliyekuwa nalipwa kuwafundisha watoto kusoma ushahidi. Alisikia lori likiteremka mlima kabla yetu sote. Lakini binti wa dada yangu, mwenye sauti nyembamba kama uzi, alimwita bibi yake mara nne akiwa nyuma yake hatua mbili, na bibi hakugeuka. Vifaranga walilia miguuni pake nusura awakanyage. Nilisema moyoni, masikio yamekwenda kweli, niharakishe. Nikaharakisha. Mwezi wa tatu wimbo ulikuwa tayari, tuni yake ikiwa juu kabisa, kwa sauti ya kwanza, inapanda na kuelea mahali ambapo ni wanawake wa ziwani tu wanaoweza kufika. Do = Ab. Nilijisikia vizuri sana.

Mwenyekiti wetu aliniazima kinanda cha umeme baada ya kunisihi nisisahau kuwaonyesha rumba. Nilishuka nacho juu ya lori la kahawa lililokuwa linakwenda kuchukua samaki, nimekipakata kama mgonjwa, na betri ya gari kati ya miguu. Kule chini nilipokelewa na mwalimu wa kwaya yao, fundi wa mitumbwi, mzee ambaye kwa kuwa mama alikuwa wa ukoo wao alikuwa mjomba wangu, na kwa kuwa alikuwa mjomba wangu alikuwa na ruhusa ya kunichokoza.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa. Umetuletea wimbo au umetuletea betri?"

"Vyote."

"Sawa. Lakini ninyi watu wa milimani mnaimba mmeinama, kama mnachimba ngolo. Sisi tutauimba tumesimama."

Waliujua kwa siku tatu. Soprano wao, wanawake wanane wakiongozwa na mama mmoja muuza chapati, waliupandisha mpaka nikasahau miguu yangu. Jumapili hiyo nilipiga F, kitufe kikanihamisha, wimbo ukapaa. Kasisi alifumba macho. Nilipotupa jicho kwenye benchi la tatu upande wa wanawake, mama alikuwa amekaa wima, mikono mapajani, anatazama mbele kwa adabu, kama mtu anayesubiri ofisini.

Nilimwuliza nyumbani, tukila.

"Umeuonaje?"

"Mmeimba vizuri," akasema. Halafu, kwa kuwa hakuwa mtu wa kusema uongo zaidi ya sentensi moja: "Wanaume nimewasikia wakinguruma. Nikawa nasubiri wimbo uanze. Mara watu wakakaa."

Nilicheka, kisha nikaona hatanii. Alikuwa anachambua miiba ya samaki na kuipanga pembeni ya sahani, mmoja mmoja.

"Si kosa lako," akaongeza. "Nilikuambia, nafunga duka. Umechelewa kidogo tu."

Nilipanda mlima siku iliyofuata na kwa wiki nzima sikuweza kukaa popote. Darasani nilifundisha huku nazunguka madawati mpaka wanafunzi wakaanza kugeuza shingo kwa zamu. Nilitembea hadi viunga vya mji na kurudi. Neno "kidogo" ndilo lililonichoma. Angesema nimechelewa sana, ningekwenda kulia na kumaliza. Kidogo maana yake kuna kilichobaki.

Na kilikuwepo. Kilinijia nikiwa nimesimama kwenye ghala la kahawa nikisubiri usafiri wa mtu, nasikiliza injini ya lori ikiguna nje. Mama alisikia malori. Aliwasikia wanaume wakinguruma. Alimsikia fundi wa mitumbwi akigonga ubao, na akanijibu mimi nikiongea kwa sauti ya kifuani, lakini si mjukuu wake, wala vifaranga. Duka lake lilikuwa limefunga mlango wa juu tu. Wa chini ulikuwa wazi, na mimi, mtunzi, nilikuwa nimepeleka mzigo wote juu, kwa sababu tuni hukaa kwa soprano. Ndivyo tulivyofundishwa, na ndivyo nilivyowafundisha wengine kwa ukali. Besi ni nguzo. Besi anaimba do, anaimba so, anarudi do, anakwenda nyumbani.

Niliugeuza wimbo kwa siku mbili. Tuni nikaiteremsha kwa besi, nikaishusha hadi F, soprano nikawapa so moja ndefu ya kushikilia. Haukupendeza machoni. Ukiuona kwenye karatasi ulikuwa kama nyumba iliyojengwa paa likiwa chini.

Kinanda cha umeme sikukipata tena. Kilikuwa kimekwenda Songea na mwenyekiti, kurekodi kaseti, na rumba ilikuwa imeshinda. Hivyo niliteremka na makaratasi tu, nikijua kwamba kule kanisani kuna kinanda cha kukanyaga kilichoachwa na wamisionari, chenye kitambaa cha upepo kilichoshonwa na fundi viatu. Hakikunitisha. Wimbo ulikuwa katika F.

Mazoezi yalikuwa vita. Mjomba alishika kopi mbali na macho, kisha karibu, kisha akaigeuza upande wa pili kuona kama nyuma kuna wimbo wa kweli.

"Mpwa, umeandika ukiwa umelala kichwa chini?"

"Hapana, mjomba. Besi ndio wanaoimba tuni."

Wanaume sita nyuma walitazamana. Mmoja wao, mvuvi mwenye kifua kama pipa, akainua mkono kama mwanafunzi. "Mwalimu, sisi hatujawahi kuimba kitu chenye maneno yote. Huwa tunaingia kwenye 'Amina'."

"Na sisi tufanye nini?" akauliza mama muuza chapati, mikono kiunoni.

"Mshike so."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mwisho."

"Makubwa! Nimeacha kuuza asubuhi nzima nije kushika so?"

"Vumilia, shemeji," akasema yule mvuvi. "Sisi tumeishika tangu ukoloni."

Walicheka hadi wakakaa. Nikaona nisipowaambia sababu nitawapoteza, nikawaambia. Niliwaeleza juu ya vifaranga, na juu ya benchi la tatu. Muuza chapati akaitazama kopi yake, ile nota moja iliyorudiwa mistari minne, na kusema, "Haya. Tutaishika vizuri."

Sasa kuna jambo la ziwani ambalo nililijua tangu utoto na nilikuwa nimelisahau kwa makusudi. Likizo za zamani, tukisali kanisani kwa bibi mzaa mama, ilikuwa kawaida mama mzee yeyote kuanza kuimba pale alipo, kwa sauti aliyonayo siku hiyo. Akiwa chini, kanisa zima lilimshukia. Akibadilika katikati, walibadilika. Hakuna aliyemrekebisha, do ilikuwa pale alipoiweka yeye. Nilipotoka chuo niliandika kwenye daftari langu kwamba huo ni ukosefu wa nidhamu ya sauti, na nikapiga mstari chini yake.

Jumapili ikafika. Nilikaa kwenye kinanda, mgongo kwa watu, miguu ikaanza kazi yake. Nilitoa F. Soprano wakashika so yao, nyembamba, imetulia. Kisha besi wakaingia. Hawakuimba kwa upole, hawakuwa na upole huo. Waliivuta ile tuni kama nyavu, kila neno zito, limejaa maji. "Nimeamka tena, nipo." Nikageuka.

Mama alikuwa ameinua kichwa. Alikuwa amekigeuza kidogo, kama anavyofanya akisikia lori mbali, kabla yetu. Mstari wa pili midomo yake ikatembea. Wa tatu akasimama, peke yake katika benchi lote, na akaimba.

Aliimba kwa nguvu kama wanavyoimba wasiojisikia. Aliimba chini ya F, wapi hasa sijui mpaka leo. Labda Eb, labda chini zaidi. Kwa pumzi moja kanisa likawa na nyimbo mbili, yangu na yake, zikikwaruzana. Na mara ile, bila kutazamana, wale wavuvi wakamshukia. Mjomba akashusha mkono wake, kidogo tu. Soprano wakateremsha so yao kama watu wanaoteremsha mtoto mgongoni. Wote wakawa kwake, isipokuwa mimi.

Mimi nilikuwa nimebaki F. Kidole cha mkono wangu wa kulia, nakumbuka kwa aibu, kilikwenda pembeni ya ubao kutafuta kitufe. Hapakuwa na kitufe. Palikuwa na ubao wa mwaloni na alama ya kikombe cha chai cha mmisionari fulani. Nilijaribu cheusi kimoja, kikapiga kelele ya bata. Nikajaribu kingine. Muuza chapati alinitupia jicho ambalo halikuhitaji nota. Nikaondoa mikono yote miwili na kuiweka mapajani.

Miguu ndiyo iliyokataa kuacha. Iliendelea kukanyaga, kushoto, kulia, inasukuma upepo usiokwenda popote, na mimi nimekaa wima mbele ya kinanda kisicholia, wimbo wangu ukiimbwa nyuma yangu katika ufunguo nisioujua. Waliurudia mara mbili zaidi, kwa kuwa mama hakukaa.

Nje ya kanisa watu walimshika mkono. Nilisubiri mpaka wakapungua. Nilikuwa nimeandaa maelezo yote: kwamba kinanda ni kibovu, kwamba tutafanya tena na kile cha umeme, kwamba ningeweza kuushusha wimbo kama ningeambiwa mapema. Nilikuwa nahamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine.

"Leo ndiyo umepiga," akasema. "Nilikuwa nakutazama miguu. Kinanda nimekisikia chote, mwanzo mpaka mwisho."

Mjomba, aliyekuwa pembeni, akaanza kukagua anga.

Ningeweza kumwambia. Nina shahada, nilikuwa nawafundisha watoto kwamba ukweli wa jambo ni lazima uandikwe hata kama unauma. Nimeugeuza mwaka baada ya mwaka ule ukimya wangu na sijapata mahali pa kuuweka. Kilichonijia wakati ule ni kumshukuru, na kwa kuwa nilikuwa nimejifunza kitu, nilishusha kidevu na kusema kwa sauti nzito kuliko zote nilizokuwa nazo:

"Asante, mama."

Akarudi nyuma hatua moja. "Mbona unanguruma?" akasema. "Nasikia."